Neno Lililoondoka Nyumbani kwa Fundi

Kwenye kituo cha mabasi cha Kamembe, mji wetu wa mpakani Rwanda, kabla hujalifikia dirisha, mtu atakuuliza kama umekata tikiti. Ukipanda pikipiki, dereva atataka kujua akate wapi, na ukimwambia umechelewa atakata nyuma ya soko, kwenye njia ambayo wala si njia. Sokoni unamwomba muuzaji akukatie bei, naye anakukata jicho. Umeme unakatika, simu inakatika, na kijana aliyeachwa na mchumba wake anakaa kwenye ngazi za duka akimwambia kila apitaye kwamba amekatwa. Vijana waliokulia Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, wakimsikia mtu anazungumza Kifaransa kilichonyooka husema anakikata. Ukipitisha muda bila kumtembelea shangazi yako, atakuambia umekata mguu, na nakushauri usijitetee.

Kwetu neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Baba yangu ni fundi wa nguo, na kibaraza chake kinatazama barabara inayoshuka kutoka sokoni. Tulipokuwa wadogo, mama akisema "Papa iko anakata," maana yake ilikuwa moja tu: nyamazeni, msikimbie kibarazani, na asiwepo wa kumgusa kiwiko. Kushona, baba alikuwa akisema, anashona yeyote mwenye miguu ya kukanyaga mashine. Ukishona vibaya unafumua. Ukikata vibaya hakuna pa kurudi, na kitambaa cha mtu kimekuwa chako.

Kisha ikafika miaka ambayo neno hilo halikutamkwa nyumbani kwetu hata mara moja. Nataka kueleza lilivyoondoka, na kwa nini niliomba lirudi. Halikuondoka peke yake, liliondoka na mikono ya baba yangu, na fundi asiyekata nimemwona kwa macho yangu anavyopungua, siku baada ya siku, akiwa amekaa kwenye kiti chake kilekile.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mimi nikiwa tayari msichana mkubwa. Mama alikuwa ameshagawa nguo zake zote za kichanga, akiamini kazi hiyo ameimaliza. Majirani walimtania wee mpaka wakachoka. Mtoto alikuja na kichwa kikubwa na masikio ya baba, akakulia chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande vinavyodondoka. Alivichambua kwa rangi, akavifunga ncha kwa ncha mpaka akapata kamba ya kuzunguka kibaraza chote, na wateja wakawa wanairuka.

Kwa kuwa alikulia pale, kwake neno kukata lilikuwa na makasi ndani yake, na bila makasi hakulielewa. Siku moja umeme uliondoka, mama akasema umekatwa, na mtoto akauliza nani ameukata, na makasi yake yako wapi. Tulicheka. Kosa letu ni kwamba tulimsimulia jirani, na mtaa ukapata mchezo. Madereva wa pikipiki walianza kumletea maneno kama watu wengine wanavyomletea mtoto pipi. Mmoja alisimama kibarazani akamwambia, "Petit, mi nimekata kona pale juu, ukaangalie vipande." Mtoto alienda kweli. Alirudi na ncha kavu ya jani la mgomba, akamkabidhi baba kwa heshima, akisema ndicho kipande cha kona.

Baba hakucheka. Alikipokea, akakiweka kwenye kopo la vifungo, akamwambia asante. Nadhani ndipo nilipojua kwamba baba yangu anampenda mtoto huyu kwa namna ambayo sisi wakubwa hatukuipata, na nakiri niliona wivu kidogo, mimi niliyekuwa karibu kuolewa.

Aliyemlisha maneno kuliko wote alikuwa maman wa sambaza. Huyu ni mama wa Kinyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Bukavu, akarudi mtu mzima, na meza yake ya samaki wadogo wa ziwa iko pembeni ya kibaraza chetu tangu nikumbuke. Ni mlokole, anaomba kwa sauti ya kusikika mpaka benki, na sisi tukiswali yeye huwanyamazisha wateja wake kwa kidole. Siku nzima kazi yake ni kuombwa akate bei na kuikata. Mtoto alisimama mbele ya meza ile akimkagua mikono.

"Maman, makasi ya bei iko wapi?"

"Iko mu kinywa, mutoto wangu," alimjibu, akamtolea ulimi. "Unaona vile inakata?"

Nilisema baba alikuwa akikata. Ni lazima niseme alikuwa akikata vipi, maana mambo yote yanatoka hapo.

Watu walitoka Rwimbogo, walitoka Nyakabuye, wakawapita mafundi wengine njiani, wakaja kwake kwa ajili ya nguo za shule. Sababu ilikuwa kile alichokiita "ya kukomea." Kwetu kukomea ni kukua. Baba hakumkatia mtoto nguo ya leo. Alimtazama mama yake, akatazama miguu ya mtoto, akatazama mikono ilivyoning'inia, kisha akaacha kitambaa cha ziada kwenye pindo, kiunoni na mikononi, akakikunja ndani kisionekane. Mwaka ukipita mzazi anarudi, baba anafumua pindo, anashusha. Mwaka mwingine anashusha tena. Mpaka leo ukiwaona watoto wa shule wakipanda kutoka bondeni asubuhi, utawajua wale wa baba kwa mistari kwenye kaptura, pale pindo za zamani zilipokuwa na jua halikufika. Mzazi akilalamika kwamba nguo inampwaya mtoto, baba alikuwa na jibu moja. "Niliacha ya kukomea." Alilisema kwa furaha, kila mara, kama mtu anayetoa habari njema.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa na furaha na haikuwa na malipo. Waislamu wa Kamembe walipofiwa, baba ndiye aliyekata sanda. Hakuna aliyempa cheo hicho, kilimjia tu, kama kinavyomjia mtu mwenye mkono uliotulia. Alianzisha ukingo kwa makasi, kisha akapasua kwa mikono miwili, na bafta nyeupe inapopasuka inatoa mlio ambao mtaa wote uliufahamu. Maman wa sambaza akiusikia alikuwa anafunika meza yake kwa kitambaa na kukaa kimya. Sanda haina mshono, haina pindo. Urefu wa mtu, na shibiri upande wa kichwa, na shibiri upande wa miguu, kwa ajili ya kufunga. Basi.

Na mafundi wanaokata sanda wana desturi yao. Aliyefiwa hakati. Mkono wa mfiwa, wanasema, unasahau sanda, unatafuta nguo ya aliye hai. Baba alikuwa na rafiki yake ng'ambo, fundi wa Bukavu, walijifunza kazi pamoja chini ya mtu mmoja, na walikuwa wameahidiana tangu ujanani: wa kwako nitamkatia mimi, wa kwangu utamkatia wewe. Bibi yangu alipofariki, rafiki huyo alivuka daraja asubuhi na bafta kwapani. Mke wake alipofariki, baba alivuka.

Mdogo wangu alifikia umri wa kuanza shule katika ile miaka ya barakoa. Baba alikuwa ameshamkatia kaptura na shati la kaki. Kisha shule zikafungwa, na hakuna aliyejua zitafunguliwa lini, na baba, kwa akili yake ya fundi, alizifumua zile nguo kabla hazijavaliwa akaziongezea. Shule ikifunguliwa baada ya mwaka, alisema, mtoto atakuwa mrefu. Tulipomvalisha kujaribu, kaptura ilishuka chini ya magoti. Alitembea nayo kibarazani ameishika kwa mikono miwili, na baba akamwambia maman wa sambaza aliyekuwa anakufa kwa kicheko, "Niliacha ya kukomea."

Homa ilimshika mtoto siku ya soko. Sitaeleza hospitali. Walimhudumia, mama alikaa naye, mimi nilikuwa na mtoto wangu mchanga mgongoni na sikuruhusiwa kuingia. Asubuhi moja mama alirudi akitembea kwa miguu, na pikipiki ikamfuata taratibu nyuma, dereva hadai nauli na hajui aende wapi. Ni yuleyule wa vipande vya kona. Hapo tukajua.

Kuna watu hudhani kwamba Waislamu tunazika haraka kwa sababu tuna moyo mgumu. Waje wakae na mama yangu saa ile. Haraka ile ni huruma, inakupa la kufanya mikononi. Mtoto aliletwa nyumbani, na bibi mwoshaji wa maiti akafika na kafuri yake. Maji yalichemshwa. Baba akapiga simu ng'ambo, na sisi sote tulisikia sauti ya rafiki yake ikipanda ndani ya simu, maana masikio ya baba si mazuri na huiweka sauti juu.

"Niko ku daraja, Mzee. Banakatala. Nimebaambia ni mutoto, banakatala."

Mpaka ulikuwa umefungwa. Alikuwa amesimama upande wa pili wa Rusizi na bafta yake, mto ule ambao ungeweza kumrushia mtu chungwa akalidaka, na hakuruhusiwa kuvuka. Sikuwalaumu askari wakati ule na siwalaumu sasa. Walikuwa wameambiwa kila anayevuka anabeba kifo, na yeye kweli alikuwa amebeba sanda.

Wazee waliokuwepo, wachache kama sheria ilivyotaka, walimwambia baba wapo wengine, kijana fulani wa msikitini anaweza, hata wao wanaweza, si kazi kubwa. Ni kweli si kazi kubwa. Baba alisema hapana.

"Ule kijana hamujui," alisema. "Mi niko namujua."

Alimaanisha vipimo. Hakupima. Hakuingia chumbani kumtazama. Alitandika bafta mezani, akasimama, na mikono yake ikafanya kazi ambayo ilikuwa imeifanya majuma machache nyuma kwa ajili ya mtoto yuleyule. Tuliokuwa ndani tulisikia kitambaa kinavyopasuka. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mguu wa mtoto na hakuuachia.

Baba aliileta sanda mpaka mlangoni, akaipitisha kwa mkono bila kuchungulia. Bibi mwoshaji aliitandika kwenye mkeka, akafukiza ubani, tukamlaza mdogo wangu juu yake. Bibi akavuta upande wa kichwa, sawa. Akavuta upande wa miguu. Akavuta tena. Kitambaa kiliendelea kuja. Baada ya nyayo, baada ya shibiri ya kufungia, kilibaki kitambaa kingine chote, kimelala kwenye mkeka hakina mtu.

Yule bibi hakuwa na nia mbaya. Ameosha wengi, na macho yake hayaoni vizuri. Alidhani pengine amekosea upande. Akauliza kwa sauti, kuelekea mlangoni.

"Papa, hii iko murefu sana. Ni ya mukubwa?"

Na baba akajibu kutoka nje, palepale, kwa sauti ileile niliyoisikia maisha yangu yote.

"Hapana, ni yake. Niliacha ya kukomea."

Nilisikia kiti kikisukumwa kule kibarazani, na mtu akaanguka au akaketi vibaya, na wazee wakisema "Mzee, Mzee." Alikuwa amesikia mwenyewe alichosema. Bibi mwoshaji akageuka kutafuta makasi kwenye kikapu chake ili apunguze. Hapo ndipo mama alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali.

"Usikate," alisema. "Uache vile."

Bibi alikikunja kile kilichozidi, akakipandisha chini ya miguu, mkunjo juu ya mkunjo, kama pindo. Hivyo ndivyo alivyozikwa. Na hilo la mama lilikuwa tamko la mwisho la neno lile nyumbani kwetu.

Hatukukubaliana. Hakuna aliyesema tusiliseme. Siku za kwanza nilidhani ni bahati tu, kisha nikamsikia mama akiniambia nipasue nyanya. Umeme ulipozimika alisema umeenda. Simu ikikwama, imenyamaza. Nami nikajikuta nikiomba punguzo sokoni kwa maneno marefu kama mgeni aliyefika jana. Hujui neno moja limeshika mambo mangapi mpaka ujaribu kuishi bila hilo neno. Mchana mmoja tu ulitosha kunichosha.

Makasi ya baba yalibaki kwenye msumari. Aliendelea kuja kibarazani kila asubuhi, akafungua mashine, akashona. Kukata nilikata mimi, na nyumbani tukasema ninafungua kitambaa. Sikuwa fundi mbaya, baba mwenyewe alinifundisha, lakini sikuwa yeye. Wazazi waliotoka Rwimbogo walitazama kazi yangu, wakamtazama yeye, wakalipa kwa adabu. Wengine hawakurudi. Baba alikonda. Alianza kuulizia saa, mtu ambaye hajawahi kuulizia saa. Alikuwa akikanyaga mashine bila kitambaa ndani, sindano inapanda na kushuka juu ya chuma, mpaka nimguse bega. Nilimchukia kidogo kwa hilo, nalisema wazi. Nilikuwa nimempoteza mdogo wangu na sikutaka kumpoteza na baba yangu taratibu hivyo, mbele ya watu, akiwa hai.

Mtaa ulijua. Sijui nani aliusimulia, labda wale wazee. Madereva wa pikipiki wakifika mbele ya kibaraza walinyamaza, au wakasema "tupinde wapi?" kwa mdomo mgumu kama wanaosoma. Kijana mwingine aliyeachwa na mchumba alihamisha huzuni yake kwenye ngazi za duka la mbali. Na maman wa sambaza, masikini, ambaye neno hilo ndilo lililomlisha, alipata shida kuliko wote. Nilikuwa namsikia akianza na kujikamata katikati. "Papa, nikuka... nikuku... nikupunguzie!" Mwishowe akatunga sheria mezani pake. Mteja mgeni akisema "unikatie bei," alimwinamia na kumnong'oneza kwamba hapa neno hilo linapandisha bei, na watu wakamwona mwenda wazimu. Siku moja nilimwambia asijisumbue. Alinitazama kwa ukali.

"We unafikiri alikuwa wenu peke yenu?"

Nilinunua samaki nikaenda.

Daraja lilipofunguliwa, rafiki wa baba alivuka siku hiyohiyo. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, na kwapani alikuwa na ile bafta. Aliitunza muda wote huo, imekunjwa kwenye gazeti. Aliketi karibu na baba, hawakuangaliana, kama wazee wanavyofanya, kila mmoja akitazama barabara.

"Ile siku ilikuwa yangu, Mzee," alisema.

"Mpaka ulifungwa."

"Ningeogelea."

"We haujui kuogelea."

"Ndiyo. Sijui."

Baba alicheka, na ndani ya kicheko akaanza kulia, na rafiki yake naye. Nilikuwa sijamwona baba akilia, hata siku ya maziko. Mama alitoka na chai, akaiweka chini, akarudi ndani. Kabla ya kuondoka, yule rafiki alisema kuanzia sasa sanda za Kamembe atazifanya yeye, akiitwa atavuka. Baba alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona alivyoshusha mabega. Nilidhani kuanzia hapo atarudi, maana watu waliniambia muda unatibu, na mimi kama mjinga niliwaamini. Makasi yalibaki kwenye msumari. Nilikuwa nayafuta kutu mwenyewe, nikiyapaka mafuta ya mashine, nikiyarudisha.

Miaka imepita, na yule mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu siku ile sasa anafikia meza kwa kidevu. Yeye hamkumbuki mjomba wake. Anajua tu kwamba kwenye kopo la vifungo kuna jani kavu ambalo hairuhusiwi kuligusa. Mwaka huu anaanza darasa la kwanza. Nilinunua kitambaa cha buluu nikakiacha kibarazani, nikingoja nipate nafasi ya kukifungua, maana kazi za shule zilikuwa zimejaa na mikono ilikuwa miwili.

Asubuhi moja nilitoka jikoni nikakuta binti yangu amesimama juu ya kiti cha mteja, amenyoosha mikono pembeni, na baba anamzunguka polepole. Hakuwa na mita ya kupimia. Alimtazama mabega, akamtazama miguu. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka mtoto akauliza kama ameshamaliza.

"Bado. Tulia."

Kisha akanyoosha mkono kwenye msumari. Nilirudi nyuma ya pazia. Nilijibana ukutani kama mtu anayeiba. Nilimsikia akitandika kitambaa, nikasikia chaki, kisha makasi yakifunguka. Maman wa sambaza alikuwa anabishana na mteja. Akanyamaza katikati ya sentensi, na mteja akanyamaza naye bila kujua kwa nini.

Alikata bila haraka. Alipomaliza aliweka vipande juu ya mashine, akaketi. Nilitoka, nikajifanya ndiyo kwanza nafika. Nilivichukua ili nishone, nikavigeuza kutafuta pindo, na sikuona. Kulikuwa na kidole kimoja cha kukunja, basi. Mabegani hakuna, kiunoni hakuna. Gauni lilikuwa la mtoto huyu, la asubuhi hii, na si la siku nyingine. Nilidhani amesahau. Nilidhani nimemngoja mpaka uzee umemchukua, amerudi kwenye kazi bila akili yake.

"Papa," nilisema taratibu, "haukuacha ya kukomea."

"Najua."

"Mwaka kesho itamubana."

"Mwaka kesho nitakata ingine."

Alilisema neno hilo akiwa anamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshashuka kitini na kuingia chini ya meza kuokota vipande.

"Na mwaka ule mwingine, nitakata ingine," alisema. "Akomee tu, yeye. Mi nitakata."

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele anaochambua. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Mikono yake ilikuwa imesimama. Alimtazama baba, akatazama makasi mezani, kisha akainama akaendelea kuchambua.

Nilikaa kwenye mashine. Nilikunja lile pindo jembamba kama alivyotaka, nikalishona.